Usinunue turbo kabla hujapima vali ya oili

Simamisha leo hiyo oda ya turbo, yaani pampu ya hewa ya injini inayoendeshwa na ekzosi. Umesema ndege yako, Cessna T210 yenye injini ya TSIO-520, inatoa moshi wa buluu kila asubuhi ukiiwasha, moshi unakata baada ya dakika chache, na fundi amekuta oili kwenye ekzosi akasema sili za turbo zimekufa. Moshi unaokata wenyewe namna hiyo unaelekeza kwenye vali kwanza.

Turbo hii haina sili ya mpira. Ina pete za chuma, jamii ya ringi za pistoni, na hazizuii oili iliyotuama. Ndiyo maana bomba linaloleta oili lina vali ya njia moja inayojifunga injini ikizimwa. Chembe ya kaboni ikinasa pale, oili inachuruzika usiku kucha, inajaa kwenye beringi na kufurika hadi ekzosi. Ukifunga turbo mpya na kuiacha vali ile ile, kesho moshi uko palepale. Nimelipia turbo nzima kwa kosa hili, na ile ya zamani ilipofunguliwa shafti ilikuwa ndani ya vipimo. Fundi anayetangaza "turbo imekufa" kabla hajashika spana anakulipisha kubahatisha kwake, na hilo bado linaniuma.

Pima hivi, mbele ya injinia mwenye leseni: zima injini ikiwa ya moto, fungua bomba la oili pale linapoingia kwenye turbo, baada ya vali, kinga kikombe, acha hadi asubuhi. Matone ya mwanzo ni mabaki ya bomba. Ukikuta imeendelea kudondoka, vali ndiyo mbaya: isafishe au badilisha. Angalia mshale wakati wa kurudisha, maana ikigeuzwa beringi zinakosa oili na turbo inakufa kweli. Kaza, washa, kagua uvujaji. Ekzosi ya injini hii inakaribia nyuzi 900 za Selsiasi, oili ikidondokea hapo ni moto.

Vali ikiwa nzima, fuata njia ya kurudi. Turbo iko chini, kwa hiyo oili inavutwa na pampu: hozi iliyonywea ndani au nati iliyolegea inayovuta hewa inatosha kuifurisha, hasa injini ikiachwa sailensa, yaani kwenye mzunguko wa chini kabisa, muda mrefu. Chujio la hewa lililoziba nalo hunyonya oili upande wa kompresa, ule unaovuta hewa. Hayo yote yakiwa safi, ndipo uzungushe gurudumu la turbo kwa kidole na kupima shafti inacheza kiasi gani.