Mafuta ghafi ya bombani: soma mita kabla ya kufungua mfumo

Vijana wengi wanaoingia kwenye uwakala wa forodha upande wa mafuta, hasa mnaoanzia kazi Marekani, hukimbilia kujifunza ACE, mfumo wa kompyuta wa forodha ya Marekani wa kutangazia mizigo. Jifunzeni, ndiyo, lakini huo mtauzoea upesi. Kigumu ni kujua ni mafuta gani hasa yaliyovuka mpaka, na jibu hilo halimo kwenye kompyuta.

Meli ina manifesti, ina siku ya kutia nanga, ina matangi ya kupimwa. Bomba halina hayo. Mafuta ya Alberta, jimbo la Kanada, yanayotoka Edmonton kwenda Superior, Wisconsin, huko Marekani, hutiririka usiku na mchana, fungu la mwenye mali huyu likifuatwa na la yule, na yanapogusana huchanganyika. Kwenye fomu 7501, ile ya muhtasari wa tamko la forodha, utaandika namba 70 kuwa njia ya usafiri, lakini kiasi utakachotangaza kinategemea tiketi ya mita, yaani hati ya kiasi kilichopimwa na mita ya bomba.

Basi isome tiketi hiyo taratibu. Wakanada hupima kwa mita za ujazo katika nyuzijoto 15 za Selsiasi. Forodha ya Marekani inataka mapipa katika nyuzi 60 za Farenhaiti, yaani karibu 15.6 za Selsiasi. Mita moja ya ujazo ni mapipa 6.2898, ila hapo hujarekebisha joto, na mafuta hutanuka yakipata moto. Kwenye pipa moja huoni kitu. Kwenye mzigo wa mwezi mzima mkaguzi ataona. Angalia pia kama kiasi kilichoandikwa kimeshaondolewa maji na mashapo. Wenzangu mnaosubiri EACOP, bomba la mafuta ghafi la kilomita 1,443 kutoka Hoima, Uganda, hadi Tanga, Tanzania, suala la joto lishikeni mapema: mafuta yale yana nta nyingi, na bomba lenyewe limejengwa la kupashwa moto.

Uzito wa mafuta, unaopimwa kwa nyuzi za API (namba ikiwa ndogo, mafuta ni mazito zaidi), ndio unaoamua ushuru wa kawaida. Chini ya 25 ni senti 5.25 kwa pipa. Kuanzia 25 kwenda juu ni senti 10.5. Kwa mapipa 100,000 ni dola 5,250 au dola 10,500. Mafuta mazito ya Kanada kama aina ya Western Canadian Select yako karibu na 20, hayana utata. Yaliyo mpakani mwa 25 ndiyo ya kuhangaikia, na hapo msiandike kipimo cha kwenye mkataba wa mauziano. Daini kipimo cha sampuli ya fungu lile lile.

Sasa uasili, yaani nchi mafuta yalikotoka, jambo ninalowasihi kuliko yote. Kwa kuwa ushuru wenyewe ni senti, ni rahisi kuona cheti cha uasili cha USMCA, mkataba wa biashara wa Marekani, Meksiko na Kanada, kama usumbufu. Lakini tarehe 4 Machi 2025 Marekani ikaweka ushuru wa ziada wa asilimia 10 kwa nishati ya Kanada, na kuanzia tarehe 7 bidhaa zilizotimiza masharti ya mkataba zikasamehewa. Pipa la dola 60 lisilo na cheti lilidaiwa dola 6. Lenye cheti halikudaiwa kitu. Cheti kimoja kinaweza kufunika mizigo ya miezi 12, kwa hiyo hakuna sababu ya kukosa. Na msiogope mafuta mepesi yanayochanganywa na lami ya Alberta, yaani mafuta ghafi mazito mno, ili ipite bombani: mkataba unaruhusu yasihesabiwe katika uasili mradi hayazidi asilimia 40 ya ujazo.

Muhtasari wa tamko hutakiwa ndani ya siku 10 za kazi baada ya mzigo kuachiwa, na mara nyingi mwenye bomba hurekebisha hesabu zake baada ya hapo. Msiiache tofauti hiyo ilale. ACE inapokea marekebisho hadi siku 300 tangu tarehe ya kuingiza mzigo, ilimradi zimebaki angalau siku 15 kabla ya forodha kufunga hesabu. Ambatanisheni tiketi ya zamani na mpya, kisha hifadhini zote kwa miaka 5. Zipangeni kwa namba ya fungu, kwa sababu fungu moja linaweza kuanza kuvuka tarehe 31 na kumalizikia mwezi unaofuata, na ukipanga kwa mwezi utalitafuta kwenye mafaili mawili huku mkaguzi amekaa mbele yako.