Mama ana kolestro, mawese aache?

Pole na mama, dada. Umesema kapimwa kolestro ikakutwa juu, kapewa atovastatini (dawa ya kushusha kolestro), kanywa mwezi mmoja kaacha eti haumwi popote, na hapo kwenu Ujiji mboga bila mawese hailiki. Sasa hapo kwenye kuacha dawa ndo penye shida kuliko hata mawese, maana kolestro haiumi, inajijenga taratibu kwenye kuta za mishipa mpaka siku moyo au ubongo unakosa damu. Arudi kwa daktari aanzishiwe tena, na akisikia misuli inauma sana bila kazi yoyote au mkojo ukawa na rangi ya chai ya rangi awahi hospitali.

Mawese nayapenda na mimi (nimekulia Mwanga ya Kigoma, ntayakataaje), ila karibu nusu yake ni yale mafuta yanayoganda, ndo yanapandisha LDL, ile kolestro mbaya. Ukimwambia ayaache kabisa hatakusikia, so acheni kumimina kwa chupa, pimeni kijiko kimoja cha chakula kwa sufuria nzima, siku nyingine wekeni alizeti. Samaki, mgebuka, mchemsheni na nyanya na ndimu au mchome, sio kuuzamisha kwenye karai la mafuta. Maharage ya Kasulu ale hata kila siku, nyuzinyuzi zake zinasaidia kuitoa kolestro.

Mazoezi ni kutembea tu, dakika 30 siku 5 kwa wiki, ashuke mwaloni arudi, haraka kiasi kwamba anaongea ila kuimba hawezi. Baada ya miezi 2 au 3 arudie kipimo.