Raia wa India anayeishi nje anapigaje kura: jibu kwa dada aliyeuliza kutoka Dar

Dada, umeuliza mambo matatu. Mumeo ni Mmalayali wa Kozhikode, mji wa Kerala kusini mwa India, ana pasipoti ya India na anafanya kazi Dar: je, anaweza kupigia kura ubalozini? Kadi yake ya mpiga kura iliyobaki kwa mama mkwe bado inafaa? Na baba yake mdogo, raia wa Tanzania mwenye kadi ya OCI (Overseas Citizen of India, ya wenye asili ya India walio raia wa nchi nyingine), naye je?

La kwanza ndilo linalopotosha wengi, hasa Wakenya waliozoea kuona wenzao wakipanga foleni balozini kumchagua rais. India haina utaratibu huo. Haki ya kupiga kura anayo, tena kwa sheria, lakini lazima asimame mwenyewe kwenye kituo chake kule Kozhikode. Ubalozi haupokei kura ya raia wa kawaida, wala hakuna kura ya mtandaoni, na ndugu hawezi kumpigia.

Haki yenyewe ni changa. Kabla ya mwaka 2011 daftari lilikuwa la "mkaazi wa kawaida" tu, na aliyekaa nje muda mrefu alifutwa. Marekebisho ya mwaka 2010 yaliingiza kifungu cha 20A katika Sheria ya Uwakilishi wa Wananchi ya 1950, yakaanza kutumika Februari 2011. Kifungu kinasema hivi kwa ufupi: raia wa India ambaye hajachukua uraia wa nchi nyingine, na ambaye hayupo nyumbani kwa sababu ya kazi, masomo au sababu nyingine, ataandikwa katika jimbo la uchaguzi lilipo makazi yake ya India kama yalivyoandikwa kwenye pasipoti. Maneno hayo ya mwisho ndiyo yenye uzito. Asipate kuyasahau.

Kwa hiyo kabla hajagusa fomu yoyote, afungue ukurasa wa mwisho wa pasipoti asome anwani. Waliohuisha pasipoti wakiwa nje mara nyingi hukuta imechapwa anwani ya Dar, Nairobi au Muscat, na hapo afisa mwandikishaji hana jimbo la kumweka. Kama anakaribia kuhuisha, aombe ichapwe anwani ya India. Wake za watu nao hujikwaa hapa: pasipoti ya mke bado inaonyesha nyumba ya baba yake, basi yeye ataandikwa huko, mume kwingine, na siku ya kura kila mmoja ana kituo chake. Watoto waliozaliwa nje ambao pasipoti zao hazina anwani ya India kabisa ndio wenye kazi ngumu zaidi.

Fomu ni 6A. Asijaze Fomu 6. Hiyo ni ya wanaoishi India, na ndiyo inayotokea mbele unapofungua tovuti ya Tume ya Uchaguzi ya India, voters.eci.gov.in. Akifungua akaunti achague sehemu ya wapiga kura walio ng'ambo, atumie baruapepe yake. Fomu 6A inaweza pia kutumwa kwa posta au kupelekwa kwa mkono kwa afisa mwandikishaji wa jimbo husika, na haina ada.

Fomu inauliza jina kama lilivyo kwenye pasipoti, tarehe na mahali pa kuzaliwa, jina la ndugu (baba, mama au mwenzi), anwani ya India, anwani ya sasa ya nje, namba ya pasipoti na tarehe zake, taarifa za viza, sababu ya kuwa nje na tangu lini. Ambatisha picha moja ya rangi ya karibuni, nakala ya kurasa za pasipoti zenye picha na anwani ya India, na ukurasa wenye viza halali. Kila nakala aitie saini mwenyewe. Hahitaji wakili wala muhuri wa ubalozi. Akipeleka kwa mkono, aende na pasipoti yenyewe, itatazamwa na kurudishwa papo hapo. Kwa walio Tanzania na Ghuba, viza mara nyingi haipo tena kama kibandiko, kuna kibali cha ukaazi cha pembeni. Aweke nakala ya kibali hicho pamoja na za pasipoti, na namba na tarehe anazoandika kwenye fomu zilingane nacho herufi kwa herufi. Tofauti ndogo ya tahajia kati ya fomu na pasipoti inatosha kurudisha maombi nyuma wiki kadhaa.

Baada ya hapo kazi inahamia kule nyumbani. Afisa wa ngazi ya kituo, wenyewe humwita BLO, hutumwa hadi kwenye ile anwani ya pasipoti. Huyu mara nyingi ni mwalimu au mtumishi wa serikali wa mtaa uleule. Anamwuliza aliyepo: huyu mtu ni wa hapa, yuko nje kweli? Ndugu anathibitisha kwa saini. Hapa ndipo maombi mengi yanapokufa, kwa sababu mama mkwe hajaambiwa kitu, BLO anafika, anajibiwa "alishahama zamani", na kinachoandikwa ni hicho. Mumeo apige simu nyumbani siku ileile anapotuma fomu, awaambie jina la fomu na watarajie mgeni. Kama nyumba imefungwa na hakuna ndugu wa kuthibitisha, nyaraka zinaweza kupelekwa kwenye ubalozi wa India nchini anakoishi zihakikiwe huko. Inawezekana, ila ni njia ndefu. Matokeo hutumwa kwa barua kwenye anwani ya nje na kwa ujumbe kwenye namba ya simu ya India aliyoandika, kwa hiyo aandike namba ya mtu atakayemfikishia, siyo laini yake ya zamani iliyokufa.

Kuhusu muda, asingoje uchaguzi utangazwe. Daftari husasishwa mfululizo, lakini baada ya siku ya mwisho ya kurudisha fomu za wagombea hakuna jina linaloingia. Na kwa kuwa kila ombi lazima likae wazi siku 7 kwa pingamizi, ukomo wa vitendo ni kama siku 10 kabla ya hapo. Tazama mwaka 2024: Tume ilitangaza ratiba Machi 16, Kerala wagombea walimaliza kurudisha fomu Aprili 4, kura zikapigwa Aprili 26. Ukihesabu, aliyesubiri tangazo alibaki na siku kama 9 tu. Afanye sasa hivi, hata kama uchaguzi uko mbali. Jina moja linamtosha kwa bunge la taifa, Lok Sabha, na kwa bunge la Kerala. Uchaguzi wa halmashauri una tume yake na daftari lake.

Sasa ile kadi kwa mama mkwe. Kadi hiyo, EPIC, ni ya mkaazi wa ndani. Mpiga kura wa ng'ambo hapewi EPIC kabisa. Kitambulisho chake kituoni ni pasipoti yenyewe, siyo nakala wala picha kwenye simu. Anapojaza 6A anatakiwa ataje kwamba aliwahi kuandikishwa na kuirudisha ile kadi. Najua wengi huiacha droo kwa tahadhari, wakifika likizo wanaitumia. Nasema wazi kwamba hilo ni kosa. Sheria inakataza mtu mmoja kuandikwa mara mbili, na tamko la uongo kwenye fomu lina adhabu ya kifungo hadi mwaka 1, au faini, au vyote. Kuna na sababu ya karibu zaidi. Mwaka 2025 Tume ilianza uhakiki mkubwa wa daftari nyumba kwa nyumba, Bihar kwanza, kisha kuanzia Novemba 4 ukaingia Kerala, Tamil Nadu, Gujarat na kwingineko. Bihar pekee, rasimu ya daftari ilitoka bila majina kama laki 65: waliofariki, waliohama, wasiokutwa, walioandikwa mara mbili. Anayetegemea kadi ya zamani anaweza kusafiri na kukuta jina halipo. Aangalie kwanza mtandaoni kama jina lake la zamani bado lipo na lipo wapi, ndipo ajaze 6A akijua anachokitangaza.

Siku yenyewe, jambo moja dogo limewarudisha watu nyumbani bila kura. Majina ya walio ng'ambo hayachanganywi na ya mtaa. Yanawekwa mwisho kabisa wa sehemu ya daftari ya kituo hicho, chini ya kichwa chake. Karani akipekua kurasa za kawaida atasema "haumo". Mumeo amwombe kwa adabu afungue ukurasa wa mwisho. Afike na namba ya sehemu na namba yake ya mfululizo ameziandika kwenye karatasi. Atazipata kwa kutafuta mtandaoni kwa jina na tarehe ya kuzaliwa, maana namba ya EPIC hana. Akishapakwa wino kidole cha shahada cha mkono wa kushoto, atabonyeza kitufe cha buluu kando ya alama ya mgombea, na karatasi ndogo itaonekana kwenye dirisha la mashine ya pembeni kwa sekunde 7 kabla haijadondoka ndani. Aisubiri, aisome.

Tikiti ya ndege asinunue kwa kukisia. Kura ya taifa hupigwa kwa awamu, mwaka 2024 zilikuwa 7, kati ya Aprili 19 na Juni 1, na kila eneo lina siku yake. Sheria inataka zisipungue siku 14 kati ya mwisho wa wagombea kujitoa na siku ya kura, kwa hiyo ratiba ikitoka ana wiki kadhaa za kupanga. Walio Oman na Emirati wana nafuu: Kozhikode ni saa chache, na vyama vya Wakerala huko vimewahi kupanga ndege za pamoja za kwenda kupiga kura. Kutoka Dar ni kupitia Mumbai au Ghuba, na gharama yote ni mfukoni mwake.

Matokeo ya kumtaka mtu afunge safari yanaonekana kwenye hesabu. Mwaka 2024 wapiga kura wa ng'ambo walioandikishwa walikuwa 119,374 kati ya raia zaidi ya milioni 13 walio nje. Waliopiga kura ni 2,958, na 2,670 kati yao ni wa Kerala. Nchi nzima iliyobaki haikufikisha hata 300! Mwaka 2019 walikuwa zaidi ya 25,000, karibu wote wa Kerala vilevile. Fundi wa mabomba aliyeko Muscat hakosi mapenzi na nchi yake. Anachokosa ni likizo na nauli.

Na hili linaniuma kwa sababu dawa ipo na imeshatumika. Wanajeshi, na watumishi wa serikali ya India waliotumwa nje pamoja na wenzi wao, ni kundi jingine kabisa: wanatumiwa karatasi ya kura kwa njia ya kielektroniki, wanaichapa, wanatia alama, wanairudisha kwa posta, na inahesabika ikifika kabla ya saa 2 asubuhi ya siku ya kuhesabu. Yaani ofisa ubalozini anapiga kura akiwa Dar, na mwananchi anayemhudumia dirishani hawezi. Muswada wa kuruhusu wakala, yaani mtu wa kukupigia kura kwa niaba yako, ulipita Lok Sabha Agosti 2018, haukupita baraza la juu, ukafa bunge lilipovunjwa 2019. Novemba 2020 Tume yenyewe iliiandikia wizara ya sheria kwamba iko tayari kuwapa raia wa ng'ambo ile kura ya posta, lakini mlango haujafunguliwa. Kwangu posta ni bora kuliko wakala, maana wakala anajua kura yako, na hakuna wa kumzuia akienda kinyume nawe. Hofu ya kweli ya posta ni kambi za vibarua, ambako msimamizi anaweza kukusanya karatasi za wote. Hilo lataka kura itiwe alama mbele ya ofisa wa ubalozi, kwa siri, siyo kambini.

Baba mdogo hana kura India. OCI, pamoja na jina lake la kuvutia, siyo uraia. Ni ruhusa ya kuingia na kukaa, na sheria imeitenga wazi na kura na kugombea. Siku alipochukua uraia wa Tanzania, wa India ulikoma wenyewe. Hata Mhindi wa Nairobi asijidanganye kwa kuwa Kenya inakubali uraia pacha. India haikubali, na ni sheria ya India inayoamua nani ni raia wake. Kura ya baba mdogo iko kwenye daftari la Tanzania.

Na mumeo akirudi Kozhikode moja kwa moja, haki ya 6A inakoma pale pale. Amjulishe afisa mwandikishaji, jina la ng'ambo lifutwe, ndipo ajaze Fomu 6 kama mkaazi na kupata EPIC. Asianze na Fomu 6 kabla ya kufutwa, maana atakuwa ameandikwa mara mbili tena.