Kupima joto pale Manda 2020: niliyoyaona

Aliyefungua uzi huu wa mjadala kauliza kama kupima joto abiria wa ndege wakati wa korona kulisaidia, au yalikuwa maonyesho tu. Nilishika kile kipimajoto uwanja wa Manda, ng'ambo ya mji wa Lamu, safari za ndani ziliporudi Julai 2020.

Kwanza, kifaa kile hakipimi korona. Kinapima joto la ngozi ya paji. Bibi mmoja alishuka, akatembea juani na buibui lake, nikampima: 38.1. Wenziwe wakamkimbia kama mwenye ndui. Nikamketisha kivulini, nikampa maji. "Mwanangu, mimi naumwa na njaa," akanambia. Robo saa baadaye, 36.7. Kinyume chake pia kipo: paji lenye jasho likipigwa na upepo wa bahari hupoa, homa ikajificha. Aliyemeza panadol kabla ya kupanda ndege ndiyo humpati kabisa.

Tena virusi huchukua siku 2 hadi 14 kabla dalili hazijatokea, na wengine homa hawaipati asilani. Ndiyo maana wageni wa kutoka nje, safari zao zilipofunguliwa Agosti, walidaiwa cheti cha kipimo cha ndani ya saa 96. Sisi Manda tulibaki na paji.

Kijana mmoja alipita kwangu na 36.4, akinitania nisifyatue, maana kipimajoto chenyewe kama bastola. Siku ya nne akapiga simu: halua haina ladha, udi hausikii harufu. Dalili za korona hizo.

Hapo ndipo nilipoona faida, nayo ilikuwa kwenye daftari la abiria. Jina, simu, mtaa anaofikia, kiti alichokalia. Waliokaa karibu naye walikuwa wanne. Watatu tuliwapata siku ile ile. Wa nne namba yake haikusomeka. Nilivuka na daftari mkononi, wimbi likaingia botini, wino ukatapakaa. Kosa langu. Tangu siku hiyo nikawa nalitia kwenye ndoo ya mafuta yenye kifuniko (mifuko ya plastiki ilishapigwa marufuku 2017, msinicheke).

Kilichosomeka ni mtaa tu, "Langoni", hapo mjini Lamu. Tukazunguka vichochoro siku mbili tukibisha milango. Tulimkuta barazani anacheza bao, mzima, tena kakasirika kwa kuwa tulimkatiza akiwa anashinda.