Re: Kuingilia London, kurudi Dar kupitia Amsterdam

Mkuu, umeuliza kama ni lazima ukate tiketi mbili kwa kuwa unaingilia London na kurudi Dar ukitokea Amsterdam. Si lazima, na wala usifanye hivyo. Mashirika makubwa ya ndege mara nyingi huuza tiketi ya kwenda tu ghali kuliko nusu ya bei ya kwenda na kurudi. Fungua Google Flights, chagua "Multi-city": mstari wa kwanza DAR–LHR (Dar hadi Heathrow, London), wa pili AMS–DAR (Amsterdam hadi Dar). Bei inatoka moja. Anza na KLM, kisha linganisha na Turkish na Ethiopian.

Kuanzia London umepatia. Uingereza inatoza kodi ya abiria kwa anayeondoka kwa ndege, si anayewasili, na kwa safari ndefu kama ya Dar si hela ya soda hiyo. London hadi Amsterdam panda treni ya Eurostar, au basi kama mgongo unaruhusu.

Ila usije ukaruka kipande chochote cha tiketi, vinavyofuata hufutwa. Na viza ni mbili, ya Uingereza na ya Schengen (nchi za Ulaya zinazotumia viza moja, Uholanzi ikiwemo). Zikitoka zote ndipo ulipie.