Kabla hujaamua chombo chako kinakimbia kasi gani, jua foleni itakaa wapi

Kama unaandika hadithi za kisayansi, zile za vyombo vinavyotoka nyota hii kwenda nyota ile, na umekwama kwenye swali la watu wanafikaje huko, basi soma hii. Mimi naziandika kwa Kiswahili huu mwaka wa saba sasa, nyingi zinaishia kwenye grupu letu la WhatsApp la watu wa saifai, na kitu nilichokipata baada ya kukosea sana ni kwamba mtandao wa safari za kasi kuliko mwanga haujengwi na kasi. Unajengwa na vituo, na foleni, na nani anashika ufunguo wa geti.

Mimi ni mtoto wa Malaba, mji wa mpaka wa Kenya na Uganda, upande wa Uganda. Mzee wangu alikuwa dereva wa trela, Mombasa Kampala, saa nyingine anaunganisha mpaka Kigali, na mimi nilipomaliza shule nikapata kazi kwa ajenti wa kuklia mizigo, yaani kuipitisha forodhani, hapohapo mpakani, kazi yenyewe kukimbia na makaratasi ya madereva kutoka dirisha moja hadi lingine. Nilikaa hapo miaka mitatu. Nilidhani napoteza muda, kumbe ndo nilikuwa nasomea uandishi.

Hadithi yangu ya kwanza chombo kilikuwa na batani moja, unabonyeza, unatokea popote. Niliipenda sana mpaka sura ya tatu, pale adui anakuja na jeshi lake, ndo dada mmoja kwenye grupu akaniuliza, sasa kama wanaweza kutokea popote, kwa nini wasitokee tu ndani ya chumba cha mfalme usiku mmoja vita ikaisha? Sikuwa na jibu. Nilijaribu kutunga sababu tatu nne, zote zikavunjika, na ile hadithi nikaiweka chini mwaka mzima. Kama kila mahali ni jirani na kila mahali, hakuna mpaka, hakuna mji wa njiani, hakuna mtu wa kuchelewa, na bila mtu wa kuchelewa sijui hadithi utaitoa wapi.

Kwa hiyo anza na umbali wenyewe, uuogope kwanza. Mwanga unakwenda karibu kilomita 300,000 kwa sekunde, kutoka jua kufika kwetu unachukua dakika 8 na kidogo, na kufika Proxima Centauri, nyota iliyo karibu zaidi na jua letu, unachukua miaka 4.24. Voyager 1, chombo cha utafiti kisicho na mtu, ilirushwa 1977 na inakwenda kilomita kama 17 kila sekunde, ingekuwa inaelekea Proxima ingefika baada ya miaka zaidi ya 70,000. Ukishakaa na hizo namba ndo unaelewa kwa nini waandishi wote wanatafuta njia ya panya.

Njia zenyewe ukizichambua vizuri ni chache. Iko ya handaki, yaani anga imetobolewa huku na kule, unaingia mlango huu unatokea mwingine, na hii ina mizizi kwenye hesabu kweli, wanafizikia Einstein na Rosen waliiandika kama daraja mwaka 1935, alafu Morris na Thorne mwaka 1988 wakapiga hesabu ya handaki ambalo mtu anaweza kupita akiwa hai, ila linataka kitu chenye nishati hasi, yaani chini ya sifuri, ili lisifunge. Iko ya kukunja anga, chombo chenyewe hakikimbii, anga ya mbele inabanwa na ya nyuma inatanuliwa, hiyo ni ya mwanafizikia Alcubierre, 1994, nayo inataka hiyo hiyo nishati hasi. Na iko ya kuruka, unatoweka hapa unaibukia kule, hiyo haina hesabu nyuma yake, ni ya mwandishi mwenyewe, na hapo ndo unatakiwa kuwa mkali na sheria zako kuliko kwingine kote.

Ya kukunja anga sitakaa nayo sana. Ni kama boda boda, kila mtu na chombo chake, anapita anapotaka, na stori yako itakuwa ya mafuta na ya muda. Chukua tu karatasi upige hesabu mapema. Chombo cha mara 100 ya mwanga kinafika Proxima kwa siku 15 na nusu hivi, lakini kuvuka galaksi yetu yenye upana wa miaka ya nuru kama 100,000 (mwaka wa nuru ni umbali ambao mwanga unakwenda kwa mwaka mmoja) kitachukua miaka 1,000. Ukitaka dola ya galaksi nzima yenye mfalme mmoja, hiyo kasi haitoshi hata kidogo, na msomaji mwenye kalkuleta kwenye simu atakuumbua.

Handaki ndo ninalolipenda, na hapa nataka tukae.

Watu wengi wanaandika milango kama vile iliota yenyewe. Lakini fikiria, ukitengeneza handaki, milango yote miwili unayo hapa nyumbani. Mmoja lazima mtu aubebe mpaka kule, kwa mwendo wa kawaida, ndani ya anga ya kawaida. Kwa asilimia 10 ya kasi ya mwanga, kuupeleka Proxima ni miaka 42. Watu watazaliwa ndani ya hicho chombo. Mtandao wako basi una umri, kuna sehemu zilizofikiwa zamani na sehemu ambazo mlango bado uko njiani, na kule unakoelekea watu wanasubiri.

Hii mimi nimeisoma kwenye reli yetu. Reli ya Uganda ilianza kujengwa Mombasa mwaka 1896, ikagusa ziwa pale Kisumu mwaka 1901, na kuingia Kampala ni 1931. Miaka 30 katikati! Miaka yote hiyo reli inaitwa ya Uganda na Kampala haijafika, mzigo unashushwa Kisumu, unapanda meli, unavuka Nyanza, yaani Ziwa Victoria, unashushwa tena. Kila pale mzigo unaposhushwa pana kuli, pana karani, pana mwizi, pana mama wa chai. Alafu angalia Namasagali. Mto Nile ukitoka Jinja una maporomoko, meli haiwezi, kwa hiyo mwaka 1912 wakaweka reli fupi kutoka Jinja mpaka Namasagali, pale unapanda meli unavuka Ziwa Kyoga mpaka Masindi Port, unashuka unachukua barabara mpaka Butiaba, unapanda meli nyingine Ziwa Albert ndo uende Kongo au ushuke Nile kuelekea Nimule. Reli, meli, gari, meli. Banange, hiyo ni safari ya hadithi hata bila kuongeza roketi. Na miaka ya 1960 maji yakapanda, bandari ya Namasagali ikafa, majengo yakawa shule. Weka mji kama huo kwenye ulimwengu wako, mji uliokuwa mlango wa kila kitu alafu mtandao ukauacha, mizani bado ipo, gati bado ipo, na wazee bado wanakumbuka ratiba.

Kwa njia ya kuruka, ushauri wangu ni mmoja, weka kikomo cha mruko mmoja na usikivunje kabisa, alafu fungua ramani ya nyota za kweli. Mimi nilifanya hivi usiku mmoja umeme umekatika, na simu iko na chaji ya asilimia 20, na sitasahau. Nikasema chombo kinaruka miaka ya nuru 5 tu, kisha lazima kipoe. Kutoka jua letu, ndani ya 5 kuna mfumo mmoja tu wa nyota tunazozijua, Alpha Centauri, ambapo hiyo Proxima nayo imo. Nyota ya Barnard iko karibu 6, hufiki. Lakini ukishafika Alpha Centauri kuna Luhman 16, jozi ya vibete vya kahawia, yaani magimba hafifu ambayo hayakufikia kuwa nyota kamili, iliyogunduliwa 2013, iko miaka ya nuru 6 na nusu kutoka kwetu lakini kutoka Alpha Centauri ni chini ya 4. Nikaona Malaba. Yaani kila mtu anayetoka duniani, awe tajiri, awe mwanajeshi, awe mgonjwa anakimbizwa hospitali, lazima apitie pale pale, hakuna nyingine. Alafu nikabadilisha kikomo kuwa 6, na mlango wa pili ukafunguka kwa Barnard, na ile Malaba yangu ya angani nikaanza kuiona inapoteza wateja. Namba moja tu uligeuza na siasa yote imegeuka.

Ukishakuwa na mlango mmoja, jiulize siku ukifungwa nini kinatokea. Januari 2008 Kenya ilipochafuka baada ya uchaguzi, reli iling'olewa Kibera na malori yakasimama, na huku kwetu ambako hakukuwa na vita yoyote mafuta yakakauka kwenye stesheni, bei ikaruka, na Rwanda na Burundi vilevile. Watu wakaanza kuikumbuka njia ya Mutukula kupitia Tanzania. Na 2020, wakati wa korona, madereva walikuwa wanapimwa hapo mpakani, majibu yanachelewa, trela zikapanga foleni makumi ya kilomita kuingia ndani ya Kenya. Nilitembea kando ya ile foleni. Chini ya trela moja utingo ameweka jiko la makaa kati ya matairi ya nyuma, sufuria ya ugali inachemka, kamba ya nguo imefungwa kutoka kioo cha pembeni mpaka kwenye trela ya jirani, na shati mbili za buluu zimeanikwa. Siku ya nne wameanza kuitana kwa majina ya mitaa, wale wa mbele wanaitwa Mjini. Hii ndo picha ninayotaka uibebe. Vyombo 300 mbele ya geti la anga, injini zimezimwa, watu wamefungua milango wanapikiana.

Kitu ambacho naona wenzangu wengi wanakiruka ni habari. Amua mapema kama ujumbe unaenda kasi kuliko chombo au la, juu hapo ndo kila kitu kinasimama. Kama redio inabaki na kasi ya mwanga na vyombo vinaruka, basi habari inabebwa na vyombo, kama barua. Kabla ya simu za mkononi mama yangu alikuwa anajua mzee yuko wapi kupitia madereva wengine, mtu anasimamisha gari pale barabarani anasema, mama, mzee tumemwacha Mariakani, springi imekatika, amesema msimtegemee Jumamosi. Na mama anamshukuru, anampa maji, anarudi ndani. Hiyo habari ina umri wa siku tatu tayari. Pengine springi imeshapona, pengine mambo yamekuwa mabaya zaidi. Ulimwengu wa namna hiyo mfalme anaweza kuwa amekufa wiki mbili na sarafu zake bado zinapigwa chapa, na mtu anayeruka akiwa na habari ya kwanza ana mali mkononi kuliko aliyebeba dhahabu.

Kuna na jambo la saa, nalo usilikimbie. Kwa hesabu za Einstein za 1905, ukiweza kupita mwanga kwa namna yoyote unakuwa umefungua uwezekano wa kutuma ujumbe jana. Kwenye mahandaki linaonekana wazi, ule mlango unaobebwa kwa kasi kubwa saa yake inakwenda polepole. Ubebe kwa asilimia 90 ya mwanga, nyumbani itahesabiwa miaka 4.7 mpaka ufike Proxima, lakini kwa waliomo chomboni ni miaka 2 na kidogo, na aliyeko nyumbani akichungulia kwenye handaki anawaona wameshafika baada ya hiyo miaka 2. Peke yake haina shida. Ila ukiunganisha mahandaki mawili matatu kwa mzunguko mbaya, mtu anaweza kurudi kabla hajaondoka. Mwanafizikia Hawking mwaka 1992 alipendekeza kwamba maumbile yenyewe yatazuia, na mimi nimelichukua hilo kama sheria ya barabara, mzunguko wa aina hiyo ukikaribia kukamilika handaki linajifunga. Kwa hiyo kwenye ulimwengu wangu lazima kuwe na ofisi ya kupanga milango, yenye makarani na mihuri, na kuna anayetoa rushwa ili mlango wake upitishwe bila hesabu kukaguliwa. Nikiandika hiyo ofisi mkono unakwenda wenyewe, yale madirisha nimeyajua kwa miguu.

Sasa hivi niko kwenye hadithi ya binti karani kwenye geti la Alpha Centauri. Ana rundo la barua za madereva ambazo zinasubiri chombo cha kuelekea Luhman, na geti limefungwa siku ya 19. Barua moja ya juu haina anwani, imeandikwa tu, mwambieni mama nimekwama, asinisubirie chakula. Kila asubuhi anaisogeza ili vumbi lisikae, anafungua dirisha, anaangalia kama foleni imesogea.