Hisa za Marekani kwa fedha za mayatima

SWALI: Assalaamu alaykum Sheikh. Nipo Mbagala. Mume wangu amefariki, ameacha mvulana mmoja na wasichana wawili, wote wadogo. Wazazi wake walishatangulia. Tumeuza duka lake la Kariakoo, na shemeji anataka fedha zote tununulie hisa za makampuni ya Marekani kwa simu. Nilipouliza habari ya riba, akasema ustadhi wake amefundisha kuwa riba ya nchi zisizo za Kiislamu haituhusu. Nifanyeje?

JIBU: Wa alaykumus salaam dada yangu. Allah amrehemu mumeo.

Hisa ni ushirika katika kampuni. Ikiwa Marekani au hapa Dar, hukumu ni moja. Kampuni ya pombe au benki ya riba haina mjadala. Wanachuoni wamekhitilafiana juu ya kampuni yenye biashara halali inayokopa kwa riba. Jopo la Fiqhi, baraza la kimataifa la wanachuoni, lililokaa Jeddah mwaka 1992 lilisema asili ni haramu. AAOIFI ya Bahrain, taasisi inayoweka viwango vya fedha za Kiislamu, imeruhusu kwa masharti, miongoni mwake deni la riba lisizidi asilimia 30 ya thamani ya kampuni sokoni, na mapato ya haramu yasizidi asilimia 5, nayo yatolewe. Mimi ni wa kujizuia, ila anayeyashika masharti hayo simwiti mla riba.

Kauli ya huyo ustadhi ndiyo iliyonisikitisha. Ameichukua kauli ya Imam Abu Hanifa kuhusu riba katika dar al-harb, yaani nchi iliyo vitani na Waislamu, akaukata mkia wake. Abu Yusuf, mwanafunzi wake mkubwa, aliipinga. Malik, Shafi na Ahmad, maimamu wa madhehebu mengine matatu, pia. Hadithi inayotegemewa, kwamba hakuna riba baina ya Muislamu na harbiy (mtu wa nchi hiyo ya vita), ni mursal ya Makhul, yaani Makhul aliyekuja baada ya Maswahaba ameinasibisha kwa Mtume bila kumtaja aliyemsikia, na Imam Nawawi ameidhoofisha. Sisi watu wa Pwani tunasoma Shafi tangu chuoni, leo tunaazima madhehebu kwa sababu ya faida? Tena waliomfuata Abu Hanifa wamesema ni pale Muislamu anapoipokea ziada. Kampuni iliyokopa hailipwi riba, inailipa! Na Marekani tuna ubalozi wao hapa mjini, tunauziana mchana kweupe. Vita iko wapi? Aya ya Baqara 275 haikutaja nchi.

Lakini dada, hata hisa zingekuwa safi, fedha hizo si za shemeji, na si zako zote. Yakishatolewa madeni na wasia, wewe una thumni, yaani moja ya nane. Iliyobaki ni ya watoto, mvulana mafungu mawili, kila msichana fungu moja. Shemeji harithi kitu maadamu kuna mtoto wa kiume.

Sayyidna Umar alihimiza mali ya yatima ifanyiwe biashara isije ikamalizwa na zaka, na Qur'an imesema isikaribiwe ila kwa njia iliyo bora zaidi. Kati ya Oktoba 2007 na Machi 2009 soko la hisa la Marekani lilipoteza zaidi ya nusu ya thamani yake. Mwenye mshahara angesubiri. Watoto wako wanakula leo, ada inadaiwa Januari. Na baadhi ya programu hizo za simu haziuzi hisa kabisa, zinauza mikataba ya kubahatisha bei kwa fedha za mkopo.

Usitoe namba ya siri kwa mtu. Nenda kwa kadhi wa BAKWATA, mirathi igawanywe kwa maandishi na msimamizi atambuliwe na mahakama. Fungu la watoto liwekwe kwenye akaunti isiyo na riba. Shemeji akikasirika, mwambie fatwa ni yangu, aje tuzungumze baada ya Ijumaa.